Usioshe Miguu Ukaiacha Sakafu

 

Maandiko ya leo ni 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9 na Luka 10:30-35. Shika Biblia yako, usome mwenyewe, kisha urudi hapa.

Kiangazi kimefika. Ukitoka mjini ukashika barabara za ndani kuelekea Solai, Rongai au Njoro, vumbi limepanda hadi gari lililo mbele yako hulioni. Kwako wewe vumbi hilo ni taabu ya kufua nguo. Kwa nyumba kadhaa katika kaunti yetu, vumbi hilo ndilo msimu wa funza. Na kila mwaka msimu huu ukifika, napokea ujumbe kutoka kwa vijana na kina mama: "Pasta, tuandae siku ya funza. Tununue beseni, dawa ya zambarau na viatu. Tukaoshe watu miguu kama Yesu alivyoosha."

Nawashukuru kwa moyo huo. Mungu ameuona. Lakini leo nataka niseme jambo ambalo pengine halitawafurahisha wote. Siku moja ya kuosha miguu, hata ikiwa na nyimbo na maombi ya nguvu, haimwondolei mtu funza. Mguu unaooshwa leo na kulala usiku huu juu ya sakafu ile ile ya vumbi utakuwa na funza tena kabla ya mwezi kwisha. Kama kanisa linataka kusaidia nyumba zenye funza, lazima lishughulikie sakafu, na lazima lirudi. Hilo ndilo neno langu leo. Mengine yote ninayoandika ni kulifafanua.

Tuanze na Mefiboshethi. Huyu alikuwa mjukuu wa Mfalme Sauli, na alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Alipataje ulemavu? Biblia inatueleza wazi. Alikuwa na umri wa miaka mitano, habari mbaya zikaja kutoka vitani, yaya wake akamchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka. Basi. Hakuna mahali Biblia inasema alifanya dhambi. Mtoto wa miaka mitano aliumia kwa sababu watu wazima walikuwa wanakimbia vita.

Nasema hivi kwa sababu bado kuna watu, na wengine ni waombaji wazuri, wanaosema funza ni laana. Wanasema ni roho ya umaskini, au nyumba ile ilirogwa, au babu yao alikula kiapo. Nimesikia mama akiambiwa afunge siku saba ili miguu ya mtoto wake ipone, na hakuna aliyemuuliza mtoto analala wapi.

Wapendwa, funza ni kiroboto. Ni kiroboto mdogo kabisa, kama milimita moja tu. Na kwa taarifa yako, hakuwa wa kwetu. Asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazili ilitia nanga Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa na mchanga wenye viroboto hao. Kutoka hapo wakasafiri na misafara ya wafanyabiashara, wapagazi na askari, wakavuka bara lote, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wamefika huku Afrika Mashariki. Sasa niambie, hiyo laana ya mababu ni ipi? Mababu wa mababu zetu hawakumjua funza. Alikuja na meli, kama mizigo mingine.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili. Na sisi tukatae. Mtu mwenye funza hahitaji kutolewa pepo. Anahitaji kutibiwa, na anahitaji nyumba isiyomrudishia ugonjwa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo misaada mingi inapopotea.

Kiroboto jike huingia kwenye ngozi, mara nyingi kwenye vidole vya miguu, kando ya kucha, au kisigino. Akishaingia hatoki. Anakunywa damu, anavimba, na katika muda wa kama wiki mbili anafikia ukubwa wa punje ya minji. Anaacha tundu dogo nje ya ngozi, na kupitia tundu hilo anatoa mayai kwa mamia. Yeye mwenyewe hufa ndani ya mguu baada ya wiki nne hadi sita. Lakini mayai yameshaanguka. Yameanguka wapi? Kwenye sakafu ya vumbi, kando ya kitanda, kwenye kona ambapo watoto hulala, na nje uani ambapo mbwa hujilaza. Huko yanaanguliwa, vijana wake wanakua ndani ya udongo mkavu, na kwa wiki tatu au nne viroboto wapya wako tayari kutafuta mguu.

Fanya hesabu mwenyewe. Tukienda Jumamosi moja, tukaosha miguu ya familia nzima, tukapiga picha, tukaomba, tukarudi Nakuru, ndani ya ile nyumba tumeacha nini? Tumeacha mayai. Mwezi mmodi haupiti, miguu imejaa tena. Na yule mama anajiona hana imani, kwa sababu Pasta aliomba na funza wamerudi. Hiyo imani tumemvunjia sisi, kwa kumpa nusu ya msaada na kuuita ushuhuda.

Kuhusu viatu nataka kusema taratibu, kwa sababu najua wengi mmeshachanga viatu. Kuna nyumba tuliyoitembelea upande wa Kuresoi. Kogo mmoja anaishi na wajukuu watatu. Tulipoingia niliona jozi tatu za viatu vizuri vimetundikwa kwenye msumari ukutani. Vilikuwa msaada wa watu wengine waliopita kabla yetu. Nikamuuliza kwa nini watoto hawavivai. Akanijibu kwa upole, "Pasta, viatu ni vizuri, Mungu awabariki waliovileta. Lakini hivi ni vya kanisani. Na huyu mdogo, mguu umevimba, haungii. Halafu usiku hawa hulala chini."

Usiku hawa hulala chini. Neno hilo lina hekima kuliko mipango mingi ya misaada. Funza wengi huingia ndani ya nyumba na uani, pale ambapo hakuna mtu anayevaa viatu. Wewe mwenyewe ukifika nyumbani kwako jioni unavua viatu, sivyo? Katika utafiti uliofanywa vijijini Madagaska na kuchapishwa 2013, watu waliopewa viatu walipata nafuu kidogo tu, lakini waliopaka miguu mafuta ya kufukuza wadudu, yaliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi, asubuhi na jioni, walikingwa karibu kabisa. Sisemi tusipeleke viatu. Mtoto anahitaji viatu vya kwenda shule. Nasema viatu peke yake si kinga ya funza, na tusijidanganye kwamba tumemaliza kazi kwa sababu tumegawa viatu.

Na dawa je? Ile ya zambarau, potasiamu pamanganeti, imetumika Kenya kwa miaka mingi na imesaidia. Lakini utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya na kuchapishwa 2014 uliwachukua watoto wenye funza, mguu mmoja ukatibiwa kwa pamanganeti na mwingine kwa mafuta yaitwayo dimetikoni, ambayo huziba lile tundu dogo ambalo funza hupumulia. Baada ya siku saba, kwenye miguu iliyopakwa dimetikoni funza 78 kati ya 100 hawakuwa na dalili ya uhai. Kwenye miguu ya pamanganeti walikuwa 39 kati ya 100. Kwa hiyo kabla hatujanunua chochote, tuulize kwanza kwenye dispensari iliyo karibu ni dawa gani inapatikana na inatumiwaje.

Jambo moja nawaomba kwa jina la Yesu tuliache kabisa: kuwachokoa watu funza kwa pini, sindano au mwiba unaozungushwa kutoka mguu hadi mguu. Najua ndivyo tulivyofanyiwa na mama zetu. Lakini pini moja kwa watu watano inaweza kuhamisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na kidonda kilichofunguliwa kwa uchafu ni mlango wa pepopunda. Huruma isiyo na maarifa inaweza kuua.

Sasa turudi kwenye sakafu.

Nyumba nyingi zenye funza zina sakafu ya udongo uliopasuka na kugeuka vumbi. Fundi yeyote katika kanisa letu atakuambia kwamba chumba cha futi kumi kwa kumi hakimalizi mifuko mitano ya simiti, pamoja na mchanga, kokoto na siku moja au mbili za kazi. Bei ya mfuko unaijua. Ilinganishe na gharama ya fulana za siku ya funza zilizochapishwa jina la kanisa mgongoni, basi la kukodi, spika na chakula cha wageni. Naomba kila kamati ifanye hesabu hiyo kwa uaminifu.

Na pale simiti isipopatikana, kuna njia nyingine. Rwanda kuna shirika liitwalo EarthEnable ambalo hutengeneza sakafu ya udongo ulioshindiliwa vizuri na kupakwa mafuta ya mimea hadi ikawa ngumu, inaweza kufagiwa na kupigwa deki. Hata bila hiyo, sakafu ya udongo inayozibwa nyufa, kukandikwa upya na kunyunyiziwa maji kila siku kabla ya kufagia ni bora kuliko vumbi. Lakini hapo napo, wapendwa, maji yako wapi? Ukimwambia shosho anyunyizie sakafu maji kila asubuhi, na maji yenyewe huyabeba mgongoni kutoka mtoni, umempa amri, hujampa msaada. Mpelekee tangi dogo na mfereji wa bati unaokusanya mvua, au ujitolee kumtekea.

Wanyama nao tusiwasahau. Mbwa, nguruwe, mbuzi na hata panya hubeba funza. Mbuzi wakilala ndani na watoto, au mbwa ana vidonda kwenye nyayo, tumetibu upande mmoja tu.

Ndiyo maana nampenda yule Msamaria. Wengi tunahubiri namna alivyosimama njiani, akafunga vidonda, akamimina mafuta na divai. Soma mstari wa 35. Alimpeleka nyumba ya wageni, akalipa, kisha akaahidi kwamba akirudi atalipa kilichozidi. Akirudi! Msamaria alipanga kurudi. Alijua kidonda hakiponi kwa siku moja, kwa hiyo akaacha fedha na akaacha ahadi. Misaada yetu mingi ina mafuta na divai, ila haina mstari wa 35.

Najua maswali mnayo. Nayajibu kwa ufupi.

Kuna atakayesema, "Pasta, hao ni wavivu na wachafu." Ndugu yangu, mwangalie vizuri mwenye funza ni nani. Mara nyingi ni mtoto wa shule ya msingi, au mzee anayeishi peke yake ambaye macho hayaoni tena vidole vyake, au mtu mwenye ulemavu wa akili ambaye hana wa kumtunza. Mtoto wa miaka saba ni mvivu wa nini? Funza huuma na kuwasha usiku, mtoto halali. Asubuhi anatembea kwa visigino au kwa kando ya mguu. Wenzake wanamcheka. Mwisho anaacha shule. Miaka kumi baadaye tunamwita maskini mvivu. Anakaa palepale alipoangushwa, kama Mefiboshethi.

Mwingine atasema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Ni kweli serikali ina wajibu, na tuidai. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa taifa wa kuzuia na kudhibiti funza mwaka 2014. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa nchi nzima kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nyumbani kwako kuna mmoja. Unamjua jina? Wenzetu wa Ahadi Kenya Trust, wakiongozwa na Stanley Kamau, wamezunguka nchi hii kwa miaka mingi hadi neno funza likaanza kusemwa hadharani bila kunong'ona. Kanisa lisijifanye la kwanza wala la pekee. Tuingie na mhudumu wa afya, tumwulize chifu na wazee wa nyumba kumi nyumba ni zipi, tumsikilize muuguzi. Lakini simiti ya kwenye chumba cha kogo, muuguzi hana. Hiyo sisi tunaweza.

Na kuna atakayeuliza, "Kazi ya kanisa si kuhubiri Injili?" Yakobo amelijibu hilo katika sura ya pili. Kasome. Kumwambia mtu aende kwa amani wakati hana nguo wala chakula, Yakobo anauliza kunafaa nini. Nami naongeza, kumwambia mtoto aende kwa amani na hawezi hata kutembea, kunafaa nini?

Sasa nizungumze juu ya picha, na hapa sitapunguza makali. Acheni kuweka mtandaoni picha za miguu na nyuso za watu wenye funza. Mtoto yule atakua. Atakuwa kijana wa kidato cha tatu, na mwenzake ataipata ile picha kwenye simu. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na picha ya mtoto inahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi wake. Lakini hata pasingekuwa na sheria, Daudi alipomleta Mefiboshethi Yerusalemu hakumsimamisha uani watu wamtazame miguu. Alimketisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Mtu akiketi mezani, miguu inakuwa chini ya meza, haionekani. Tunaposaidia, tuwaketishe watu namna hiyo. Ukitaka kuonyesha wafadhili kazi imefanyika, piga picha ya sakafu.

Basi, hivi ndivyo tutakavyofanya msimu huu. Hatutakuwa na siku ya funza. Tutakuwa na miezi mitatu ya funza. Kila ushirika wa nyumbani utachukua nyumba moja tu, si kumi. Wiki ya kwanza mtaenda na mhudumu wa afya ya jamii, familia yote itibiwe siku hiyo hiyo, wakubwa na wadogo, na walio na vidonda vibaya wapelekwe hospitali. Wiki ya pili mafundi wetu watashughulikia sakafu, na kina baba, nawaomba mje na majembe, si na hotuba. Baada ya hapo mtarudi kila wiki kuangalia miguu, kupaka mafuta, kuteka maji, kuona kama mtoto amerudi shuleni. Mkikuta funza wapya msikasirike wala kumlaumu mtu. Tibuni tena. Miezi mitatu inapita mizunguko kadhaa ya yule kiroboto, na hapo ndipo tutajua kama tumemshinda.

Na Jumapili moja katika hiyo miezi, familia ile ije ile chakula nyumbani kwako. Si chakula cha kugawiwa pale nje kwenye sahani za karatasi. Mezani pako, na watoto wako.

Ukiwa mbali na huwezi kuja, changia mfuko wa simiti kupitia kwa mweka hazina wa kanisa, na uombee nyumba moja kila siku. Viongozi wa ushirika, nileteeni majina ya wafanyakazi, si ya wagonjwa, kabla ya ibada ya Jumapili.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa miguu inayotupeleka tunakotaka bila hata sisi kuifikiria. Tunawaleta kwako watoto wetu wanaotembea kwa visigino usiku huu huu, na wazee wasioona vidole vyao. Ponya, Bwana. Na utupe sisi mikono ya kuchanganya simiti, mgongo wa kubeba maji, na moyo wa kurudi wiki ijayo, na ile nyingine, na ile nyingine. Utuondolee haraka ya kuonekana. Katika jina la Yesu Kristo tumeomba tukiamini. Amina.

Kama umeguswa, usiandike Amina tu hapa chini. Andika Amina na jina la ushirika wako, halafu Jumamosi uje na jembe.